Makato ya Mashine ya Tisa

Kwenye kiwanda kile cha kushona sare, jina la kuzaliwa uliliacha getini. Ukishakaa kwenye mashine, namba ya mashine ndiyo wewe. Msimamizi akiita "Ishirini na Mbili!" unaitika, hata kama kwako nyumbani ni mama wa watoto watano na mkwe wa watu. Huyu wetu alikuwa Kumi na Nne kwa miaka mitatu. Halafu mvua ikatoboa bati la upande wa nyuma, mashine zikahamishwa kuokoa kilichookoleka, na watu kumi na mmoja wakabadilishiwa viti siku moja. Yeye akawekwa kwenye mashine ya tisa, ambayo mwenyewe alikuwa ameacha kazi wiki hiyohiyo na kuhamia kwa wanawe. Kumi na Nne ya zamani ilikuwa imekunywa maji mpaka mota ikaungua. Ikasukumwa ukutani, ikafunikwa shuka, na mafundi wakawa wanaichuna vipuri kidogo kidogo.

Tisa alizoea jina jipya ndani ya wiki moja. Mashine yenyewe ndiyo iliyomshinda. Ilikuwa na hasira, inavunja sindano bila sababu, na sindano ikivunjika pale kiwandani si jambo dogo. Unasimamisha kazi, unapiga magoti, unatafuta vipande vyote mpaka kile cha ncha kisichozidi punje ya mchele, maana kikibaki kwenye pindo la sare kitamchoma mtoto wa mtu. Vipande unavibandika kwa selotepu kwenye daftari la sindano, unaandika tarehe, jina lako na namba ya mashine, unatia sahihi, ndipo unapewa sindano nyingine. Na mwisho wa mwezi unakatwa hela yake.

Alhamisi hiyo aliomba ruhusa ya asubuhi, akampeleka mtoto hospitali.

Mtoto alikuwa na miaka mitatu na nusu, na nyumbani waliamua kumwita Kifaranga kwa sababu alilala mdomo wazi kama anayesubiri kulishwa. Ilichekesha mpaka daktari alipoeleza kwamba nyuma ya pua kuna nyama zilizoota na kuziba njia. Usingizini mtoto alikoroma kama mzee, halafu ananyamaza, pumzi haiji, halafu anashtuka na kuivuta kwa kelele. Bibi yake, mama mkwe wa Tisa, ndiye aliyelala naye. "Mimi nikisikia kimya, namgusa mguu," alimwambia daktari, kama mtu anayeeleza jinsi ya kuwasha jiko. Daktari akamtazama bibi, akaandika tarehe ya upasuaji. Jumanne ijayo.

Kilichobaki kilikuwa kupitisha kadi ya bima dirishani. Baba Kifaranga ni fundi bomba wa kazi za hapa na pale, hana mwajiri wala kadi, kwa hiyo kadi ya Tisa ndiyo iliyokuwa mwavuli wa nyumba nzima.

Dada wa mapokezi aliandika namba, akasubiri, akaandika tena.

"Kadi imefungwa, dada. Michango yako imekoma miezi minne nyuma."

"Imekomaje wakati nakatwa kila mwezi?"

"Kukatwa ni kwako. Kuleta ni kwa mwajiri wako. Hapa naona sifuri, sifuri, sifuri, sifuri."

"Na mtoto?"

Dada akashusha sauti. Hakuwa mtu mbaya. "Ukilipa taslimu, Jumanne yako ipo." Akataja kiasi. Ilikuwa mishahara mitano ya Tisa, bila kula. "Ama kadi ifunguke kabla ya Jumatatu saa nane mchana, ndipo tunapofunga orodha. Ikishindikana nakupangia foleni upya, na foleni sasa hivi imefika miezi saba mbele."

Kifaranga alikuwa amelala begani. Tisa alihesabu bila kutaka. Miezi saba ni usiku mia mbili na kumi wa kugusa mguu.

Jioni hiyo kulikuwa na darasa. Alisoma utunzaji wa hesabu mara tatu kwa wiki, kwenye chumba cha shule ya msingi chenye madawati ya kukunja magoti, na alitaka kubaki nyumbani. Mama mkwe akamfukuza.

"Nenda, mwanafunzi wangu. Hapa utakaa unamtazama mtoto mpaka umtoe kasoro nyingine. Huko angalau kuna mtu anayejua hesabu."

Mwalimu alikuwa mstaafu wa ofisi ya kodi, mtu wa suruali iliyopandishwa juu ya kitovu na maneno makavu. Kipindi kilipoisha, Tisa alimsogezea kikaratasi chake cha mshahara cha mwezi uliopita. Kilikuwa na mistari mitatu ya mkono: Mshahara. Makato. Unachopata.

Mwalimu alikigeuza kuona kama kuna kitu upande wa pili.

"Hii si hati ya mshahara, mama. Hii ni salamu."

"Ndivyo tunavyopewa wote."

"Sasa sikiliza. Makato si mnyama mmoja. Kuna kodi, inakwenda serikalini. Kuna ya uzeeni, inakwenda mfuko wa uzeeni. Kuna bima. Hizo sheria inazijua, na mwajiri lazima azitaje moja moja. Nyingine yoyote, iwe mkopo, iwe sare, iwe kijiko alichopoteza mtu jikoni, hakati mpaka ukubali kwa maandishi. Wewe unakatwa nini zaidi?"

"Sindano."

"Sindano gani?"

Akamweleza. Mwalimu akavua miwani, akaifuta, akairudisha. "Umewahi kuandika kwamba unakubali kukatwa?"

"Natia sahihi nimepokea sindano mpya."

"Kupokea sindano si kukubali kukatwa. Lakini hilo liache kwa sasa, una moto mkubwa zaidi. Kesho mwulize karani wako mambo matatu. Kimekatwa nini, kimepelekwa wapi, kwa namba ya nani. Na usianze na neno mwizi. Ukianza nalo atafunga kabati, na wewe unataka kabati liwe wazi."

Karani wa kiwanda walimwita Rula. Kila mstari wa daftari lake aliuchora kwa rula ya chuma, na rula hiyo hakumwazima mtu. Miaka kumi na tisa alikuwa kwenye chumba kilekile chenye dirisha moja, na makoti mawili nyuma ya mlango, moja la kuvaa na jingine hakuna aliyejua la nini.

"Sijapeleka?" alisema asubuhi ya Ijumaa, na shingo ikamvimba. "Mimi? Binti yangu, mimi naweza kusahau kula, siwezi kusahau mfuko wa bima." Akafungua faili, akampangia mezani stakabadhi nne, moja baada ya nyingine, kila moja na muhuri wake. "Nani kakwambia sijapeleka? Mwambie aje na muhuri wake tulinganishe."

Kwa hiyo hela zilikwenda. Hilo Tisa hakulitegemea. Alikuwa amejiandaa kwa mtu mwenye hatia, sasa amekaa mbele ya mtu aliyeudhika.

"Baba, sijasema hukupeleka. Naomba nione tu zilikwenda kwa namba ya nani."

"Kwa namba yako. Za nani tena?"

"Naomba nione."

Rula alishusha pumzi kwa mapua, akalifungua daftari kubwa. Ukurasa wake ulikuwa mpana kuliko meza, kwa hiyo upande wa kulia ulikunjwa ndani. Kushoto kulikuwa na namba za mashine kwa mpangilio. Pembeni yake majina, kila jina kwenye kipande cha karatasi kilichoshikizwa kwa pini, maana watu huja na kuondoka na Rula hakupenda kufutafuta. Siku ya kuhama viti alikuwa amehamisha vipande vyote kumi na moja kwa uangalifu mkubwa. Tisa aliona jina lake kwenye mstari wa tisa, limenyooka.

"Umeona?"

"Na namba ya bima?"

Rula akaukunjua upande wa kulia. Safu ya mwisho kabisa, namba za uanachama, ziliandikwa kwa wino. Tisa aliweka kadi yake juu ya mstari. Kadi iliishia na mia tatu na sita. Mstari wa tisa uliishia na mia moja kumi na nane.

Karani alishuka kwa kidole, kumi, kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu. Mstari wa kumi na nne haukuwa na jina, pini tupu. Kwenye safu ya mwisho kulikuwa na mia tatu na sita, na mbele yake, miezi minne, sifuri zilizoandikwa kwa mwandiko mzuri.

"Majina nilihamisha," Rula alisema polepole.

"Namba zikabaki kwenye mashine."

"Fomu ya mfuko haiulizi jina. Inataka namba na kiasi." Akakaa. Alivua miwani, akaonekana mzee ghafla. "Kumbe nimekuwa nikimchangia mama aliyeacha kazi. Na wewe nimekuandikisha pamoja na ile mashine iliyokufa."

Wale wengine kumi walikuwa wamechangiana wenyewe kwa wenyewe bila kujua. Mchango wa washonaji wote ni kiasi kimoja, kwa hiyo kadi zao ziliendelea kufanya kazi, na asiyeumwa mkono hauangalii. Ni Tisa peke yake aliyekuwa ameangukia kwenye shimo.

Kabla ya saa sita walikuwa dirishani kwenye ofisi ya mfuko, Rula amevaa lile koti la pili. Kijana wa dirishani alilisikiliza jambo lote, akalielewa upesi, na hilo liliwapa matumaini kwa dakika moja.

"Kurekebisha naweza leo hii. Ila nipeni ushahidi kwamba huyu dada alikuwa kazini miezi yote minne, kwenye mashine hiyo, na kwamba yule wa zamani hakuwepo."

Rula akalisogeza daftari lake.

"Hili ndilo lililokosea, mzee wangu. Haliwezi kujitolea ushahidi lenyewe. Nataka kitu chenye sahihi ya mfanyakazi mwenyewe na tarehe. Mnasaini mshahara?"

"Mshahara unaingia kwenye simu."

"Mahudhurio?"

"Wanatundika vibao ubaoni asubuhi."

"Kibao hakina sahihi." Alifikiri. "Tafuteni kitu. Nipo Jumatatu kuanzia saa mbili."

Walitoka mpaka ngazini. Rula alikuwa anasema peke yake, anaorodhesha mafaili yake yote moja moja na kuyakataa. Tisa alikuwa anatazama kidole chake cha shahada, ambacho wiki iliyopita kilichomwa na kipande cha ncha alipokuwa anakitafuta sakafuni.

"Baba," alisema, "kuna daftari la sindano."

Daftari la sindano lilikaa kwenye kabati la mwenye kiwanda, na funguo ilikaa shingoni mwake. Wafanyakazi walimwita Bi Mkubwa. Alianza na cherehani moja sebuleni kwake, na mpaka leo akipita nyuma yako anaweza kusikia mshono uliolegea. Jumamosi kazi ilipoisha saa saba, Tisa na Rula walisimama mbele ya meza yake.

Alisikiliza mpaka mwisho. Alimtazama karani kwa jicho ambalo angelitumia kwa kola iliyoshonwa nje ndani. Halafu akasema, "Barua ya masahihisho nitasaini. Daftari haliendi nje."

"Bila daftari, barua haitoshi, Bi Mkubwa," alisema Rula.

"Najua kilichomo mle. Kuna vipande vya sindano, na pembeni ya kila kipande kuna hela uliyoandika wewe kwa kalamu nyekundu. Nikilipeleka ofisi ya serikali, wataacha kuangalia bima wataangalia hiyo nyekundu. Mimi si mtoto."

Kumbe anajua, Tisa aliwaza. Muda wote anajua.

Bi Mkubwa akamgeukia, na sauti ikalainika kweli. "Mwanao nimemwona hapa getini. Na mimi ni mama. Hospitali nitailipa mimi, taslimu, Jumatatu asubuhi. Utanirudishia kidogo kidogo, nakukata robo ya mshahara. Mtoto anatibiwa Jumanne na hakuna aliyeaibika. Unasemaje?"

Mtu asifikirie kwamba jibu lilikuwa mdomoni. Alichokuwa anakiona ni mguu mdogo wa Kifaranga na kidole cha bibi kikiugusa. Angeweza kusema ndiyo, na Jumanne ingekuwa yake. Mishahara mitano kwa robo robo ni miezi ishirini. Miezi ishirini ya mstari mmoja zaidi kwenye ile salamu, na kadi bado imefungwa, na Kifaranga akipata homa mwezi ujao wanaanzia pale pale dirishani.

"Bi Mkubwa, nakushukuru," alisema. "Lakini mimi nimeshakatwa. Miezi minne. Siwezi kukopa kitu nilichokwisha kukilipia."

"Na Jumatatu ikipita?"

"Ikipita bila daftari, nitarudi hapa nikuombe huo mkopo, kwa sababu ni mwanangu. Ila utanikopesha ukijua."

Rula alikohoa. "Mimi ndiye niliyekosea safu," alisema. "Nikirudi pale mikono mitupu wataona nimetunga. Miaka kumi na tisa, Bi Mkubwa. Na huyu ni mmoja tu, wengine kumi wako vilevile, akifa mmoja wao au akistaafu itafumuka yote. Sindano tutaulizwa. Tukiulizwa tutajibu."

"Tutajibu nini?"

"Kwamba tulikuwa tunakata na tumeacha."

Mama yule alikaa akiizungusha funguo kwenye mnyororo wake, mara moja, mara mbili. "Basi tuwe tumeacha kweli," alisema hatimaye. "Leo. Andika, nisaini, ubandike ubaoni, ili nikiulizwa nisiwe mwongo." Akafungua kabati. Alipompa Tisa lile daftari hakuliachia mara moja. "Na kurasa zisichanike."

Jumatatu saa mbili walikuwa wa nne kwenye foleni, na foleni ilikuwa ya watu wenye hadithi ndefu. Zamu yao ilifika saa tano. Kijana wa dirishani alifungua daftari, akakuta safu za vyuma vidogo vinang'aa chini ya selotepu.

"Hivi ni nini?"

"Sindano zilizovunjika. Lazima vipatikane vipande vyote."

"Vyote?" Alipitisha kidole juu ya kimoja. "Hiki mlikionaje?"

"Kwa magoti," alisema Tisa.

Akaanza kutafuta. Mwezi wa kwanza tangu kuhama, sindano tatu, mashine ya tisa, jina, sahihi. Mwezi wa pili, mbili. Tisa alizikumbuka zote, na jinsi wenzake walivyomtania kwamba yeye anakula chuma. Mwezi wa tatu kijana alifunua ukurasa mmoja, wa pili, wa tatu.

"Mwezi wa tatu hukuvunja?"

Rula alipangusa uso kwa leso. Tisa alikumbuka kwamba mwezi ule mashine ilitulia, fundi alikuwa ameifunga upya, na yeye alifurahi kama mjinga.

"Endelea kufunua," alisema. "Mwishoni. Ilikuwa siku ya sare za wauguzi."

Ilikuwepo, ukurasa wa mwisho wa mwezi, siku moja kabla ya mshahara. Sindano moja, vipande viwili. Mwezi wa nne zilikuwa mbili. Na ya yule mama wa zamani hata moja hakuna.

"Na hii nyekundu ya pembeni?" aliuliza kijana, bila kuinua kichwa.

"Tulikuwa tunakata," alisema Rula. "Tumeacha juzi." Akampa nakala ya tangazo.

Kijana alisoma. "Hilo si la dirisha langu. Lina dirisha lake, na watu wake watakuja siku yao." Akahamisha namba kumi na moja, moja moja, akisoma kwa sauti ili Rula ahakiki, na Rula alihakiki kwa rula. Muhuri ulipigwa saa sita na dakika ishirini. "Kadi itafunguka baada ya saa moja. Pengine na nusu."

Saa nane kasoro ishirini dada wa mapokezi aliandika namba ikakataa. Saa nane kasoro kumi ikakataa. Tisa alikuwa amesimama na kadi, na mama mkwe ameketi nyuma na Kifaranga mapajani, anamfundisha kupenga kamasi kwenye kitambaa. Saa nane kasoro dakika tatu dada aliandika bila kuombwa.

"Imefunguka," alisema. "Mtoto asile kitu kesho asubuhi."

Mwisho wa mwezi Rula alipita kwenye kila mashine na kutoa hati mwenyewe, mkononi, kama mtu anayegawa vyeti. Zilikuwa na mistari: mshahara wote, kodi, ya uzeeni, bima pamoja na namba ya uanachama, kinachobaki. Mstari wa sindano ulikuwepo pia, mtupu, na juu yake umepigwa mstari wa wino kwa rula. Hela za sindano za nyuma hazijarudishwa. Wameandika barua, watu kumi na tisa wametia sahihi, na Bi Mkubwa amesema analifikiria. Mwalimu alipoonyeshwa hati aliisoma mara mbili. "Hii sasa ni hati," alisema, akaomba nakala ya kufundishia.

Jumapili iliyofuata mchana Tisa alikuwa anafua, akamkuta mama mkwe amekaa kwenye ukingo wa kitanda. Kifaranga amelala chali, mdomo umefungwa, pumzi inaingia na kutoka bila sauti. Bibi alikuwa ameshika mguu.

"Mama, amepona. Mwache alale."

"Najua amepona," alisema bibi, na hakuuachia. "Ila huu ukimya, mwanangu, mimi bado sijauzoea."